Masale Chini ya Tairi za Theluji

Leo nimeumbuka.

Si kuumbuka kule kwa kujikwaa sokoni watu wakakuambia pole. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya wazee wa pande mbili, nikiwa na tope hadi kwenye nyusi. Hivi ninavyoandika niko intaneti kafe hapa mjini. Dada wa hapa amenitandikia gazeti chini ya viatu nisimharibie sakafu, halafu akanihamishia kompyuta ya pembeni kabisa, mbali na wateja wengine. Simlaumu. Hata mimi ningejihamisha.

Nawaandikia ninyi wa bweni la tatu kwa sababu mko mbali na hamwezi kuja kunitazama. Godlisten, wewe uliyeko Norwei, soma kwa makini, maana kisa hiki kina theluji ndani yake. (Ndiyo, theluji. Kule Maji ya Chai, kwa Wameru. Tulia utaelewa.)

Mnajua nina Haisi. Ile nyeupe iliyokuja kwa meli kutoka Japani, yenye maandishi ubavuni ambayo mpaka leo hakuna aliyeweza kunisomea. Ndiyo inayosambaza madaftari na kalamu za duka langu la Themi. Na mnajua nina Upendo, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Mzee Kaaya wa kule juu ya Maji ya Chai. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka posa.

Sasa huyu Mzee Kaaya ni mwalimu mkuu mstaafu. Shule ameiacha, kengele hajaiacha. Saa nne kwake ni saa nne. Watu waliokwenda kumposa dada yake Upendo walichelewa nusu saa. Akawapa chai, akawapa ndizi, akawasindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, na habari ya binti haikutajwa. Walirudi mwaka uliofuata.

Mimi mwaka sina. Jumatano hii inaanza Kwaresima, na mzee ni Mlutheri wa benchi la mbele, Kwaresima hapokei posa wala pombe. Pasaka ikipita tu, Upendo anahamishiwa Tunduru. Na msichana akienda Tunduru bila mtu, atapata mtu Tunduru. Kwa hiyo ilikuwa leo, saa nne asubuhi, au basi.

Tatizo likawa tairi.

Zote nne zilikuwa vipara, na mvua mwaka huu zimewahi. Barabara ya kwa kina Upendo mnaikumbuka ninyi mliosafiri na lori la shule kwenda kuimba kule: ukiacha lami unapanda tu, tope jeusi, mfereji kulia, migomba kushoto. Basi Alhamisi nikaenda kwa muuza tairi mmoja nyuma ya soko, kijana anaitwa Side.

Nilipofika pale nilisimama mlangoni nikatazama. Tairi zimepangwa hadi kwenye dari. Za lami, za changarawe, mpya, mitumba, zenye mstari mweupe, zenye majina ya nchi ambazo sijui ziko wapi. Nikamkumbuka baba. Wengine mlimjua, marehemu baba alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, lile la kubeba kahawa. Enzi zake tairi haikuchaguliwa. Iliombwa. Barua inakwenda mkoani, mkoani wanasema subirini, mnasubiri, halafu siku moja zinakuja mbili zisizofanana, na baba anazipokea kwa mikono miwili. Tulizilaza sebuleni, na sisi watoto tukakatazwa kuzikalia. Mama alizifuta vumbi pamoja na meza.

Nazikumbuka siku zile kwa upendo, na sijui kwa nini, maana hata sabuni tulipangia foleni. Labda kwa sababu mtu hakulaumiwa kwa kuchagua vibaya. Hapakuwa na cha kuchagua.

Sasa biashara huria imekuja, na mimi nikaulizwa swali.

"Karibu bosi! Unataka ya lami, ya tope, au ya theluji?"

"Ya theluji?"

"Jozi moja tu imebaki. Imevuliwa juzi kwenye gari lililotoka Japani. Mjapani anapandia mlima wa barafu kwa tairi hii."

Akanitolea. Jamani, ilikuwa nzuri! Kashata zake, yale matuta ya mpira yanayoshika njia, ni pana, na kila kashata imechanjwa vimistari vyembamba vyembamba kwa ustadi. Ya tope ilikuwa pembeni, ina manundu ya trekta. Nikajiuliza, posa inakwenda na trekta?

Halafu nikafikiri kisomi. (Hapo ndipo ninapoharibikiwa siku zote.) Mimi ni mtu wa Machame. Nimekua nikiitazama theluji ya Kilimanjaro kila asubuhi kupitia dirisha la jikoni kwetu. Kama tairi inaiweza ile, tope la Wameru ni kitu gani? Side akakubali kwa kichwa. Mimi sijawahi kushika theluji. Side naye hajawahi. Lakini tuliizungumzia pale kwa kujiamini sana.

"Tukufungie mbele au nyuma?" akauliza.

"Mbele."

Akaacha spana. "Bosi, gari yako inasukumwa na tairi za nyuma."

"Najua. Lakini gari huonekana mbele kwanza."

(Ndugu zangu, ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nawaza gari linavyoingia uani kwa Mzee Kaaya, wazee wamekaa, tairi mpya zinatangulia. Zile mbili zilizokuwa mbele zikahamishwa? Hapana. Zilitupwa. Za nyuma zikabaki vilevile, vipara viwili vinang'aa.)

Side akanitazama kidogo. "Sawa. Siku hizi mteja ni mfalme."

Mtunza stoo wa ushirika wa enzi za baba angenifukuza na kunitukania ukoo. Leo ningempigia magoti mtu wa namna hiyo.

Basi, asubuhi ya leo. Mvua imenyesha usiku kucha. Saa mbili niko tayari, Haisi imeoshwa, madumu manne ya mbege, pombe yetu ya ndizi, aliyopika mama yamefungwa kamba nyuma. Wasafiri ni wanne: mama, shangazi, mzee mmoja wa ukoo ambaye kazi yake ni kuitikia, na Baba Mkubwa Aminieli, kaka yake baba, msemaji wetu. Baba Mkubwa kavaa suti ya kijivu aliyoshonewa kwa harusi ya baba na mama. Suti hiyo hutoka kabatini kwa mambo mazito tu.

Mnajua mwoaji haendi kwenye posa. Lakini dereva ni nani? Kwa hiyo Baba Mkubwa akaweka sheria kabla hatujawasha gari.

"Wewe Elisante leo ni dereva. Huna mdomo. Tukifika, unabaki garini, usionekane mpaka uitwe."

"Ndiyo, baba."

"Wasikuone kabisa."

"Hawataniona, baba."

Mama akataka kupanda siti ya nyuma kabisa, pale karibu na madumu. Nikamkatalia. Mama wa mwoaji akae nyuma na pombe?

"Njia ile mimi hukaa nyuma," akasema.

"Umeipita lini, mama?"

"Zamani."

"Zamani kulikuwa na tairi za theluji?"

Akanyamaza, akaja kukaa mbele. Mama yangu akinyamaza namna ile, ni kwamba amekuachia dunia ikufundishe. Ningejua ningesimamisha gari palepale Themi.

Lami yote tulikwenda raha. Tengeru tukapita, Maji ya Chai tukafika saa tatu na robo, nikaanza hata kuimba. Tukakunja kushoto, tukaanza kupanda mlima.

Dakika kumi za kwanza nilijiona fundi. Za mbele zilishika! Kule nilikoelekeza ndiko zilikotazama. Tatizo, kutazama siyo kwenda. Tulipofika kona ya mwinuko, nyumba ya Mzee Kaaya tunaiona kabisa juu kati ya migomba, injini ikanguruma, za nyuma zikazunguka kwa kasi ya ajabu, na Haisi ikakaa. Halafu mkia wake ukaanza kuteremka polepole kuelekea mferejini, wakati mimi usukani nimeunyoosha sawasawa na kichwa cha gari kinatazama kwa wakwe.

Saa tatu na dakika thelathini na tano.

"Shukeni," nikasema. "Tupunguze uzito."

Mama akasema taratibu, "Baba yako alikuwa hashushi mtu."

"Mwache," akasema Baba Mkubwa. "Yeye ndiye mwenye tairi za Ulaya."

"Za Japani, baba."

"Nilikuambia huna mdomo."

Wakashuka. Nikashusha na madumu ya mbege, yote manne, nikayapanga kando ya njia. (Kwa wasiojua gari: nyuma ya Haisi ndiko kwenye tairi zinazosukuma, na tairi bila uzito juu yake haishiki chini. Nilichofanya ni kuondoa kila kitu kilichokuwa kinanisaidia, kwa mikono yangu mwenyewe, huku natoa jasho.) Nikawaomba Baba Mkubwa na yule mzee wa kuitikia wasukume. Nikakanyaga mafuta.

Sikuona kilichotokea, nilisikia tu. Kitu kama ndoo ya uji imemwagwa. Nilipochungulia dirishani, suti ya harusi ya baba na mama haikuwa ya kijivu tena. Baba Mkubwa alivua miwani, akaifuta kwa tai, miwani ikawa mbaya zaidi, akaivaa hivyohivyo. Hakusema neno. Yule mzee mwingine, kwa mazoea, akaitikia: "Ndiyo."

Saa tatu na dakika arobaini na tano.

Hapo nikakumbuka lori la shule. Mnakumbuka, likikwama tunakata majani tunatandika chini ya tairi? Mimi ndiye nilikuwa hodari wa kukata. Mwalimu wa zamu alikuwa akiniita "idara ya ujenzi". Nikachukua panga chini ya siti, nikatazama huku na huku. Ukungu umeshuka, haraka imenishika, na kando ya njia kulikuwa na ua mzuri wa majani marefu ya kijani, yenye afya, yaliyosimama kwenye mstari ulionyooka. Mimi nilichokiona ni majani.

Nikakata. Nikakata tena. Nilifyeka urefu wa Haisi nzima na nusu. Kutoka bondeni, alikokuwa amesogea kukwepa tope, nikamsikia mama akipiga kelele, "Elisante! Hayo usi—" lakini injini ilikuwa inawaka, na mimi nilijua mambo. Nikayatandika chini ya tairi za nyuma mafungu kwa mafungu, nikapanda, nikakanyaga.

Gari likatoka! Likaruka mbele mita tatu. Nikapiga honi kwa furaha. Halafu majani yakaisha, vipara vikarudi kwenye tope, mkia ukateleza upande wa pili, na Haisi ikaufuata ule ua uliobaki ikaulaza wote, kwa utulivu, hadi mwisho. Ikasimama ikiwa imeukalia.

Nikashuka nikatazama chini. Ukungu ukawa umefunguka kidogo.

Masale.

Kwa wewe wa Mwanza ambaye hujui: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani na makaburini. Si ua wa kupendezesha. Ukimkosea mtu, unachukua jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, yamekwisha. Hakuna Mchaga anayelikataa, na Wameru katika hili ni ndugu zetu. Lakini kuyakata masale ya mtu kwenye mpaka wake, hilo hata kwa utani halifanywi. Nimekulia kati ya masale. Nimemzika baba yangu kati ya masale. Na nimeyafyeka nikiwa nafikiria mambo ya lori la shule. Mji umenilevya, nakubali.

Nikapiga magoti nivute yaliyobanwa chini ya gari, labda yapo yanayoweza kusimama. Nikiwa nusu yangu iko uvunguni, nikaona buti mbili za mvua zimesimama karibu na kichwa changu. Juu ya buti kulikuwa na mwavuli. Chini ya mwavuli kulikuwa na Mzee Kaaya.

"Shikamoo, mzee," nikasema kutoka chini.

"Marahaba." Akasubiri kidogo, kama mtu anayeita mahudhurio. "Nani amekata mpaka wangu?"

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini lile tope halipasuki, linakukumbatia tu.

"Mimi, mzee."

"Wewe ni nani?"

Nikamtazama Baba Mkubwa, msemaji wetu. Baba Mkubwa alikuwa anatazama Kilimanjaro, ambako kwa ukungu ule hakukuonekana kitu. Mimi sina mdomo, na mwenye mdomo ameufunga.

"Mimi ni dereva, mzee."

"Dereva wa nani?"

"Wa... wa posa."

Akayatazama masale yaliyolala. Halafu akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu hakuwa ananikaripia. "Masale haya yalipandwa mwaka jana mbele ya wazee wa ukoo. Mimi na jirani yangu tumegombea mpaka huu miaka tisa. Tumepatana hapa hapa unapolalia. Sasa jioni akitoka shamba nitamwambia nini?"

Kukwama ni jambo la gari. Hili lilikuwa jambo la watu, nami nimeliharibu kwa panga langu. Nikaona posa inakwenda, Upendo anakwenda, Tunduru inafunguka mikono. Machozi yalikuja, nayasema wazi, bahati yangu tope liliyaficha.

Mzee akainama kwenye tairi ya mbele. Akatoa miwani mfukoni, akasoma ubavuni kwa sauti ya darasani.

"Snow." Akanigeukia. "Maana yake?"

"Theluji, mwalimu." (Sikusema mzee. Nilisema mwalimu. Nilikuwa nimerudi darasa la tano.)

"Na hapa kuna theluji?"

"Hapana, mwalimu."

Akagusa ile kashata nzuri yenye vimistari vyembamba. Vyote vilikuwa vimejaa tope, tairi imekuwa laini kuliko sufuria. Kumbe hata zingekuwa nyuma zisingenifikisha popote.

Wakati huo mama alikuwa amepanda kutoka bondeni, viatu mkononi, kitenge kimekunjwa hadi magotini. Hakunitazama. Akainama, akavuta jani moja la isale kutoka chini ya tairi. Lilikuwa limechanika nchani na lina tope, na katikati yake alama ya kashata ya Kijapani imechapwa vizuri kabisa. Akalifunga fundo. Akanipa.

"Mpe."

"Mama, ni la kwake mwenyewe. Nampaje jani lake mwenyewe?"

"Hujamwachia mengine."

Nikalishika kwa mikono miwili, nikapiga magoti tena. Mzee Kaaya alilitazama lile jani kwa muda. Alilitazama fundo, akaitazama alama ya tairi. Midomo yake ikaanza kucheza. Alijitahidi, nakwambieni, mwalimu mkuu alijitahidi, lakini mabega yakaanza kwanza, halafu mwavuli, halafu akacheka mpaka akashika kioo cha pembeni cha gari langu asianguke.

Akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema akifuta macho, "kwa sababu hili halikataliwi. Binti ni habari nyingine." Akatazama saa yake ya mkononi. Sote tukatazama saa yake ya mkononi. "Saa nne kasoro dakika tatu. Na mko ndani ya mpaka wangu. Mmeingia vibaya, lakini mmeingia mapema. Posa itasikilizwa."

Baba Mkubwa akarudisha macho kutoka Kilimanjaro.

Ndipo mama akachukua uongozi. Akasema mbege irudi nyuma ya gari, yote. Kisha watu wote wakae nyuma kabisa, hakuna wa mbele ila dereva. Akapanda wa kwanza, akakaa juu ya dumu, akashika kamba.

Mzee Kaaya alikuwa anamtazama. "Ngoja," akasema. "Kulikuwa na lori la ushirika. Lilituletea madawati hapa shuleni, masika ile kubwa. Magari yote yalikwama bondeni, lile likapanda. Na kulikuwa na mama mmoja kijana amekaa nyuma kabisa, juu ya madawati, anaimba."

"Dereva alikuwa ameniambia niimbe ili ajue sijaanguka," akasema mama. "Alikuwa hageuki nyuma, anatazama njia. Akisikia sauti anajua uzito upo."

Sikuwahi kuijua habari hiyo. Miaka yote nilidhani mama alisafiri na baba kwa sababu ya kupenda matembezi.

"Basi yule dereva..."

"Ndiye baba wa huyu."

Mzee Kaaya akanitazama upya, kuanzia nyusi hadi buti. Huruma aliyonitazama nayo ilikuwa nzito kuliko matusi. Halafu akakunja mwavuli na kusema, "Nisogezeeni dumu."

Na ndivyo tulivyoingia kwa wakwe. Mimi peke yangu mbele, nisiyetakiwa kuonekana, uso mzima kwenye kioo. Nyuma, milango imeachwa wazi, shangazi, mzee wa kuitikia, Baba Mkubwa na suti yake ya udongo, mama, na baba mkwe mtarajiwa amekaa juu ya dumu la mbege la posa ya binti yake, anarushwa juu na chini. Mama akaimba, wimbo wa kanisani, sauti ya kwanza. Mzee Kaaya akashika besi. Haisi ikapanda bila kuteleza hata mara moja.

Upendo alikuwa amejificha nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Pazia lilianza kutikisika. Halafu likaanguka na fimbo yake, na yeye akaanguka nalo, akabaki sakafuni anacheka, na mama yake anamfunika na kanga huku naye anacheka. Ukoo mzima uliokuwa barazani ulisimama. Nilitakiwa nibaki garini. Nilibaki. Nililala kwenye siti.

Yaliyosemwa ndani sikuyasikia. Nilikuwa uani na jeki, nahamisha zile tairi za theluji kwenda nyuma, maana Mzee Kaaya alisema hataki dereva asiye na kazi kwenye boma lake. Saa saba Baba Mkubwa akatoka, uso umetulia, kikombe cha mbege mkononi.

"Wamekubali," akasema. "Kwa sharti."

Sharti ndilo hili. Masale yote niliyoyakata na niliyoyalaza nitayapanda upya mimi mwenyewe, moja moja, mbele ya Mzee Kaaya na jirani yake, na jirani aridhike kwamba mstari ni uleule. Yakishika, tarehe ya harusi itatajwa. Yasiposhika, napanda tena.

Tulirudi saa tisa. Kuteremka ni rahisi, tope lenyewe linakupeleka. Tulipofika kwenye lami siti ya mbele ilikuwa wazi, nikasimama.

"Mama, njoo mbele sasa. Hapa ni lami."

"Endesha," akasema kutoka nyuma kabisa.

Nikaendesha. Tulipopita Tengeru akaanza kuimba taratibu, wimbo uleule, peke yake, na mimi sikugeuka. Nilitazama njia. Nimemkumbuka baba leo kuliko siku tuliyomzika, na ningependa angekuwepo anitukane kidogo kuhusu zile tairi.

Basi ndiyo hivyo. Godlisten, huko Norwei kama mnahitaji tairi mbili za theluji, zimetumika mara moja, niandikie. Wengine naomba sana asicheke mtu. Na atakayecheka, kazi inaanza Jumamosi saa moja kamili, masale ni zaidi ya mia, aje na jembe lake.